Rivyuu ya vijiti vya straiki: vipi vinasamehe na vipi vinakutoa jasho

Wadau wa shanga za kioo, leo naongelea vijiti vya straiki, yaani vijiti vya kioo vya kuyeyushia shanga kwenye mwali wa tochi ambavyo rangi yake haitoki mpaka uvipoze na kuvipasha tena, vile ambavyo ukivitoa kwenye paketi vinaonekana havina mpango wowote, njano iliyofifia, kahawia isiyoeleweka, vingine karibu havina rangi kabisa, afu mtu anakwambia humo ndani kuna zambarau na bluu na kijani utashangaa mwenyewe. Na ni kweli zimo. Ila malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale, nimenunua kijiti, nimechoma ushanga, umetoka rangi ya tope, nimeibiwa. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nayo: mara nyingi kijiti hakina shida, ushanga ndo haukupewa nafasi ya kupoa. Watu wanahangaika na moto, moto, moto, wakati nusu ya kazi inafanyika nje ya moto. Kwa hiyo hapa sivipimi kwa uzuri wa rangi peke yake maana karibu vyote ukivipatia vinapendeza, navipima pia kwa jinsi vinavyomvumilia mtu akiwahi au akichelewa.

Nieleze kidogo kinachotokea mle ndani, maana bila hii rivyuu yenyewe haitaeleweka. Kioo cha kawaida rangi unayoiona kwenye kijiti ndo utakayoipata. Hivi vya straiki madini yake, iwe silva, dhahabu, shaba au kadmiamu kutegemea na kijiti, yameyeyukia ndani ya kioo hadi hayaonekani. Rangi haitoki mpaka chembe za hayo madini zikutane, zijikusanye, zifike saizi ya kuweza kucheza na mwanga, na ni saizi ndogo balaa, tunaongelea nanometa hapa. Sasa kipande ambacho wengi wanakiruka ni hiki: kule kujikusanya kwa mwanzo, ile mbegu, kunatokea vizuri kioo kikiwa kimeshuka joto, halafu kukua kwa mbegu kunataka joto lirudi kidogo. Ndo maana maelekezo ya hivi vijiti karibu yote yanasema yeyusha, poza, pasha tena. Ukiruka kupoza mbegu hamna, sasa unapasha nini? Unakuta mtu ushanga bado unawaka wa moto anaurudisha kwenye mwali anasubiri rangi. Atasubiri sana.

Haya, tuingie kwenye vijiti vyenyewe.

Naanza na Effetre, hawa wa Murano Italia ambao vioo vyao vya COE 104 (COE ni namba ya jinsi kioo kinavyotanuka kikishika joto, zikitofautiana vioo havishikani vizuri) ndo wengi wetu tumejifunzia. Wana vijiti vya straiki vinavyopitisha mwanga, vya njano, chungwa na nyekundu, na bila kupepesa macho nasema hivi ndo vya kuanzia. Kijiti kinachouzwa kama nyekundu kwenye paketi unaweza kukikuta na unjano mwepesi tu, usiogope wala usimrudishie muuzaji. Unaviringisha ushanga wako kwenye mandreli, kile kifimbo cha chuma, kama kawaida, unauyeyusha mpaka ukae sawa, hapo utauona hauna rangi ya maana, unautoa motoni unaendelea kuuzungusha mpaka ule mwako wa joto uishe kabisa, unasubiri tena kidogo, afu unaupitisha kule mwisho wa mwali ncha inakofifia, unaingiza unatoa, unaingiza unatoa. Njano inapanda kwanza, inaingia chungwa, inaingia nyekundu, na unaiona kabisa inavyotambaa juu ya ushanga, haiji yote kwa mkupuo. Ile sekunde ya kuitazama inatambaa ndo inayokufundisha kuliko video yoyote. Kwenye kijiti cha chungwa usilale, ukipitiliza unajikuta una nyekundu, na hairudi nyuma mpaka uyeyushe upya.

Ubaya wake ni kwamba havipendi kuchomwachomwa. Ukiyeyusha ukaamsha, yaani ukatoa rangi kwa kupoza na kupasha, ukayeyusha tena ukaamsha tena, nyekundu inaanza kushika ukungu, mwisho inakuwa kahawia nzito isiyopitisha mwanga na hapo hamna dawa. Shanga kubwa nazo zinasumbua, nje imeshapoa ndani bado kuna moto, kwa hiyo rangi inaamka kwa mabaka. Mimi hivi vijiti navitumia kwenye shanga ndogo na za kati, na kwa uvumilivu navipa 4 kati ya 5.

Kitu kingine ambacho hakihusu Effetre tu, usihukumu rangi ushanga ukiwa na joto. Nyekundu ya moto inaonekana nyeusi au kahawia chafu, watu wanaona hivyo wanakata tamaa wanauyeyusha upya wakati ulikuwa umeshafika. Miwani ya didimiamu nayo inachangia, kazi yake ni kukata ule mng'ao wa njano wa sodiamu pale karibu na nanometa 589, sasa njano na chungwa utazionaje vizuri? Huwezi kuvua miwani uko kwenye moto, kwa hiyo dawa ni sampuli. Kila kijiti kipya tengeneza shanga ndogo kadhaa, kila moja uiamshe kwa kiasi tofauti, ukumbuke ipi ulifanya nini, zikitoka kwenye tanuru la kupozea polepole zimepoa ndo unajua. Zitundike kwenye uzi na kikaratasi cha jina. Inaonekana usumbufu, ila inaokoa vijiti vingi.

Rubino Oro, ya Effetre pia, huo ni ukoo mwingine. Humo kuna dhahabu ya kweli, na ndo inayoleta ile pinki iliyoiva ambayo hamna kijiti cha kawaida kinachoifikia. Dhahabu kwenye kioo sio habari ya jana, Johann Kunckel alikuwa anatengeneza kioo chekundu cha dhahabu huko Potsdam karne ya 17, na Richard Zsigmondy aliyekuja kupewa Nobel ya kemia ya mwaka 1925 kwa kazi zake za koloidi, yaani chembe ndogo sana zilizotawanyika ndani ya kitu kingine, alianzia kwenye vioo hivihivi vya rangi. Kwa hiyo ukiona kinakusumbua ujue kimesumbua wakubwa.

Kwenye moto Rubino inafifia, ukipoza na kupasha inarudi. Mpaka hapo safi. Shida yake ni joto la kupitiliza na la muda mrefu, inageuka ile wanayoiita rangi ya ini, kahawia yenye wekundu uliokufa, na ukishaona ini usipoteze gesi yako. Halafu ni nzito mno kwa rangi, ushanga mzima wa Rubino tupu unatoka mweusi mweusi, utaona pinki ukiuinua kwenye jua tu. Na kwa sababu ya dhahabu, bei yake haifanani na vijiti vingine, huo ni uharibifu. Matumizi yenye akili ni kukivuta kijiti kiwe nyuzi nyembamba au kuweka tabaka jembamba juu ya kioo cha klia, yaani kisicho na rangi, au cheupe, afu unafunika na klia. Kijiti kimoja kinakwenda mbali hivyo. Rangi 5 kati ya 5, uvumilivu 2, na hiyo 2 nimependelea.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wangu, vioo vya silva.

Double Helix wa Marekani ndo jina linalotajwa sana kwenye COE 104, na kabla hujanunua chochote chao elewa kwamba wana makundi mawili yasiyofanana kazi. Kuna vya straiki, Terra ndo maarufu, na kuna vile ambavyo rangi yake inatolewa kwa moto wenye gesi nyingi na oksijeni chache mpaka silva ipande juu ikae kama kioo cha kujitazamia, Triton ni mmoja wao. Ukiichukua Triton ukaanza kuipoza na kuipasha ukisubiri zambarau utakaa hapo mpaka jioni. Nasema hivi kwa sababu kuna muuzaji, sitamtaja, alinitumia mchanganyiko wa vijiti vya silva bila lebo, vya aina zote mbili kwenye mfuko mmoja, na kwa macho havitofautiani kabisa, vyote ni njano ya kahawia. Nilichofanya ni kutengeneza punje ndogo kwa kila kijiti, kwanza naiamsha kwa kupoza na kupasha, ikigoma naipitisha kwenye moto niliopunguza oksijeni, ikitoa mng'ao wa chuma basi nimeshaijua. Inafanya kazi, lakini lebo ni kakipande ka karatasi jamani, mtu anashindwaje?

Terra yenyewe. Iweke juu ya nyeusi, naongea kutoka moyoni, iweke juu ya nyeusi. Ukiiweka juu ya kioo cheupe au peke yake mwanga unapita, rangi zinaonekana zimechoka, juu ya nyeusi zinasimama. Ipashe sana mpaka iwe laini na iwake, hii hatua ni muhimu maana inafuta yote yaliyotokea wakati unaviringisha, kioo kinarudi kuwa kama hakijui chochote. Toa motoni. Zungusha. Mwako ukiisha usirudi, subiri tena, mimi naushusha ushanga chini ya meza kwenye kivuli ndo najua kweli hauwaki, maana mbele ya mwali macho yanadanganya. Afu rudi mwisho wa mwali kwa pitisho fupi fupi. Kitakachotokea ni msafara: unaona njano, inaiva inakuwa kahawia ya dhahabu, inashika wekundu, zambarau, bluu, kijani, na baada ya hapo ukiendelea inafunga inakuwa rangi ya mchanga, tena mchanga usiopendeza. Kila rangi kwenye huo msafara ni kituo cha kushuka. Unayetaka zambarau unatoa zambarau ikiingia, husubiri ikolee, maana ushanga unaendelea kujipasha wenyewe kwa joto lililobaki ndani na utasogea mbele kidogo hata ukiwa nje.

Raha ya Terra ni kwamba ukipitiliza unaweza kuyeyusha hadi iwake, ukaanza upya. Sio mara zote milele, kila ukirudia inapoteza uchangamfu na rangi zinazidi kuwa za tope, lakini nafasi ya pili ipo kwa uhakika. Na raha nyingine ni kwamba haiamki sare, upande uliopoa zaidi unakimbia, upande ulioshika joto unachelewa, kwa hiyo ushanga mmoja unabeba zambarau huku na kijani kule na katikati bluu. Wanaotaka rangi moja safi sawasawa kila ushanga kwa ajili ya seti ya mkufu, Terra itawaua kwa presha. Mimi naipendea hilohilo.

Kuhusu moto, oksijeni iwe ya kutosha au izidi kidogo. Ukiwa na gesi nyingi silva inapanda juu na kuacha ngozi ya kijivu inayofunika rangi zako zote, na watu wengi wakiiona hiyo ngozi wanadhani wamepitiliza straiki kumbe ni moto tu. Wenye tochi za gesi pekee kama Hot Head wanaweza, ila wafanye kazi mbali zaidi na mdomo wa tochi na wawe na subira, moto wake hauna oksijeni ya kuongeza. Ukiwa na mashine ya oksijeni na tochi ya kuchanganya kama Nortel Minor maisha yanakuwa mepesi, unaongeza oksijeni mpaka zile ncha za bluu zifupike na zichongoke, basi.

Kufunika na klia ndo mtihani. Klia inakuza rangi kama lenzi, ushanga wa silva uliofunikwa vizuri unaweza kuutazama ukasahau jiko. Lakini ukiweka klia ya moto juu ya Terra uliyoiamsha tayari, lile joto linafuta kila kitu, kwa hiyo usihangaike kuiamsha kabla, funika kwanza afu amsha chini ya klia. Na hapo kupoza kunachukua muda mrefu zaidi maana klia inashikilia joto kama blanketi, nje utaona pamepoa, ndani bado. Ushanga uliofunikwa subiri mpaka unahisi umechelewa, ndo unarudi. Ila usiuache ukapoa kabisa utapasuka ukiugusisha moto, hapo ni mkono na uzoefu tu. Terra naipa rangi 5, uvumilivu 3 na nusu, na kwa mkoba wako, mh, nunua kidogo kidogo. Kama una kazi ya seti nunua vijiti vya mkupuo mmoja wa uzalishaji, kwenye vioo vya silva mkupuo na mkupuo vinatofautiana kasi ya kuamka.

Halafu kuna Raku, ile R-108 ya Reichenbach wa Ujerumani, wengine wanaiita Iris Orange. Kijiti ni cha chungwa na ukikiona hivyo huwezi kuamini kwamba kinatoa bluu na zambarau na kijani na madoa ya kahawia kwa pamoja. Chenyewe sio COE 104, kiko kwenye 96 hivi, kwa hiyo juu ya ushanga wa 104 kitumie kama pambo, vidoa, nyuzi, au kile kilichosagwa chenga unachoviringishia ushanga juu yake. Usijenge ushanga nusu Raku nusu Effetre afu uje kulia nyufa.

Uzuri wa Raku unataka mshtuko. Ukishaipasha ikawaka, badala ya kusubiri hewani unaigusisha kwenye kibao cha grafaiti au unaibana kidogo na koleo la chuma, pale palipogusa panapoa ghafla, unarudisha kwenye moto mdogo na pale pale ndo rangi zinalipuka. Ukiangalia kwa karibu utaona kila doa lina pete, katikati rangi moja, ukingoni nyingine, mpaka na chuma ulichogusisha kimeacha alama yake ya rangi. Ukizidisha joto mwishoni yote inakuwa kaki. Kwa anayeanza na silva mimi namwambia anunue Raku ya chenga kabla ya kijiti chochote cha Double Helix, chenga ni ndogo, zinapoa haraka zenyewe, yaani zinakusaidia ile hatua ambayo ungeiruka. Uvumilivu 4 na nusu.

Wa borosilikati, kile kioo kigumu kinachostahimili joto, nao nisiwasahau ila nitapita haraka. Northstar wana Amber Purple, kioo cha silva chenye jina linalosema kila kitu, na wengi wa upande huo wameanza nacho. Kanuni ni ileile ya kupoza na kupasha, ila hiki ni COE 33, kinataka tochi yenye nguvu na oksijeni ya kueleweka, na hakichanganyiki na 104 hata kwa bahati mbaya. Weka vijiti vyake kwenye kopo la peke yake, mbali. Hicho sikipi namba, mezani kwangu 104 ndo inatawala na sitaki kuwadanganya.

Mambo ya tanuru sasa, maana kuna watu wanapatia kwenye moto afu wanaharibia huku. Vioo vya 104 unavishikilia kwenye nyuzi 510 hadi 520 za Selsiasi hivi kabla ya kuvishusha polepole, na hilo joto kwa vioo vya straiki sio joto la kupumzika tu, rangi inaweza kuendelea kusogea ndogo ndogo. Njano inaweza kukolea, nyekundu ikatulia ikawa nzuri zaidi, ila Terra uliyoitoa kwenye kijani ikakaa humo mchana kutwa wakati wewe unaendelea kutengeneza nyingine, unaweza kuikuta imesogea kwenye mchanga. Kwa hiyo za straiki mimi natengeneza mwishoni mwa kazi, siku hiyo naanza na shanga za kawaida zisizojali. Na ukiwa na mazoea ya kuuamsha ushanga mpaka rangi kamili ndo uuingize, jaribu kuutoa kidogo kabla, tanuru itamalizia. Tanuru ikiwa inasoma joto juu kuliko lilivyo au chini, hapo tena sampuli ndo mwalimu.

Na kwa sababu njano na nyekundu nyingi kali zina kadmiamu na seleniamu, dirisha wazi peke yake halitoshi, feni ya kuvuta hewa nje iwepo juu ya tochi. Hilo halina mjadala.

Mwenye hela ya vijiti vichache tu na hajawahi kugusa straiki, achukue nyekundu ya Effetre, chenga za Raku na nyeusi ya kawaida ya kuwekea chini. Terra ifuate hizo zikishazoeleka mkononi. Rubino inunue siku una kazi maalumu inayotaka ile pinki, uivute nyuzi siku hiyohiyo, zinazobaki uzihifadhi kwenye mrija na jina lake juu, maana uzi wa Rubino na uzi wa zambarau ya kawaida vikichanganyika kwenye kopo hutavitofautisha tena.